Kuchagua kipimo cha upepo wa matairi ya SUV kwa barabara za Uganda

"Mzee, nikuwekee arobaini?" Kijana wa kituo cha mafuta kando ya barabara ya Masaka aliniuliza hivyo huku mpira wa upepo ukiwa tayari umebanwa kwenye valvu, na hakuwa ameutazama mlango wa gari hata mara moja. Arobaini ndiyo namba aliyozoea kumwekea kila mwenye gari la juu, liwe limebeba watu wawili au saba, liwe limetoka kulala au limetembea saa nzima juani. Stika iliyo mlangoni mwa gari langu ilitaka psi 32 (pauni kwa kila inchi ya mraba). Nilimwomba auondoe mpira, nikatoa geji yangu kwenye droo, na matairi yakanipa 36, 36, 35 na 29. Matatu hayakuwa na tatizo lolote, kwa maana psi tatu au nne zilizozidi zilikuwa za joto la safari. La nne lilikuwa na msumari. Laiti ningalikubali arobaini kote, tofauti ile ingalifunikwa, nami ningaliondoka pale nikiwa na tairi linalovuja na nimeridhika kabisa.

Kuchagua kipimo cha upepo, basi, huanzia kwenye gari lenyewe, si kwenye mazoea ya mwenye mashine. Kinachobeba uzito wa gari ni upepo ulio ndani ya tairi, na mpira ni chombo cha kuushikilia tu. Upepo ukipungua, kuta za tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kukunjwa huko huzaa joto ambalo hatimaye huweza kuachanisha tabaka za tairi. Upepo ukizidi, tairi hukanyaga barabara kwa sehemu ya katikati peke yake, breki hupoteza mshiko, na kila shimo hupigwa kwa ukali unaofika hadi kwenye shokabu. SUV huathirika zaidi kuliko gari dogo kwa sababu ni nzito na uzito wake umekaa juu. Tairi laini kwenye kona hulifanya liyumbe, na dereva anapolirudisha kwa ghafla ndipo hatari ya kupinduka inapoanza.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Marekani. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi takriban milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye SUV aina ya Ford Explorer, baada ya ajali nyingi ambazo tairi lilichunika na gari likapinduka. Katika malumbano yaliyofuata, jambo moja lililogombaniwa lilikuwa kipimo cha upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26 kwa gari hilo, ilhali Firestone ilisema inafaa 30. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro zake, lakini upepo mdogo, mzigo, mwendo kasi na joto vilikuwa sehemu ya mjadala ule tangu mwanzo. Sheria iliyopitishwa nchini humo mwaka huohuo ndiyo iliyoleta lazima ya kuweka kwenye magari mapya ile taa ya dashibodi inayoonya kwamba upepo umepungua.

Stika ya mlangoni

Fungua mlango wa dereva na utazame nguzo ambayo mlango hujifungia, au ukingo wa mlango wenyewe. Katika magari machache stika hiyo huwekwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Hapo utakuta ukubwa wa matairi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, pamoja na kipimo cha upepo cha mbele na cha nyuma. SUV nyingi huangukia kati ya psi 29 na 36, lakini usichukue namba ya jirani mwenye gari linalofanana na lako, kwa sababu gari la jina moja huweza kuwa na rimu za inchi 17 au 18 na vipimo vikabadilika.

Magari mengi tunayoendesha Uganda yalitumika kwanza Japani, na stika zake zimeandikwa kwa Kijapani, jambo linalowafanya wengi waipuuze. Huhitaji kujua lugha hiyo ili uisome. Alama 前 maana yake ni mbele, na 後 ni nyuma. Namba za aina ya 220 ziko katika kipimo cha kilopaskali, na ile ndogo iliyo kando yake, 2.2, ni kilo kwa kila sentimita ya mraba. Ukigawanya kilopaskali kwa 6.9 unapata psi: 200 ni 29, 220 ni 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Stika za magari ya Ulaya huweka namba katika kipimo cha bar, nazo huzidishwa kwa 14.5, hivyo bar 2.4 ni sawa na psi 35 hivi. Mimi nimeandika namba zangu kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha plasta na kukibandika ndani ya mlango wa tangi, ili hata anayeniwekea upepo nikiwa nimekwenda kulipa asipate sababu ya kukisia.

Namba iliyochongwa kwenye ukuta wa tairi ndiyo inayopotosha watu wengi. Tairi huweza kuandikwa psi 44 au 51, na mafundi kadhaa huamini hicho ndicho kipimo kinachotakiwa. Hicho ni kikomo cha juu ambacho tairi halipaswi kukivuka, na mwenye kulitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani.

Tairi lililopoa

Kila namba iliyo kwenye stika ni ya tairi lililopoa, yaani gari limesimama angalau saa tatu, au limetembea kwa mwendo wa pole umbali usiozidi kilomita moja na nusu hivi. Kwa hiyo wakati mzuri wa kupima ni asubuhi kabla jua halijapiga upande mmoja wa gari, na mahali pazuri ni nyumbani kwako. Mwenye kituo cha mafuta karibu anaweza kwenda taratibu na kupima huko. Asiye nacho apime nyumbani kwa geji yake, aandike pengo la kila tairi, kisha kituoni aongeze pengo hilohilo hata kama tairi limepata joto. Kwa mfano, tairi lililosoma 28 asubuhi na linatakiwa kuwa 32 lina pengo la psi 4. Likisoma 31 ukifika kituoni, lijaze hadi 35, na kesho asubuhi uhakikishe.

Kosa linalofanywa na madereva waangalifu, si wazembe, ni kupunguza upepo wa tairi lenye joto. Mtu anatoka Kampala, anasimama Mbarara, anapima na kukuta 37 mahali ambapo stika inasema 32, anashtuka, anabonyeza pini ya valvu hadi geji isome 32. Tairi lile likipoa usiku litakuwa na 27 au 28, na asubuhi ataianza barabara ya Kabale kwa matairi laini akidhani ameyarekebisha. Iwapo unalazimika kupima njiani, elewa kwamba tairi lililotembea lazima lisome juu ya stika kwa psi nne hivi au zaidi kidogo, na kwamba tairi la moto linalosoma sawasawa na stika limepungukiwa.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Ondoa kizibo cha valvu na ukitie mfukoni, kwa maana kikianguka kwenye changarawe hukioni tena. Sukuma geji kwa mkupuo mmoja, wima juu ya valvu. Ukisikia mlio wa upepo unaotoka, kipimo si sahihi na urudie. Soma, kisha pima mara ya pili, na namba mbili zikipishana kwa zaidi ya psi moja pima tena. Ukimaliza kujaza, weka mate kidogo kwenye ncha ya kidole na ulipake tundu la valvu: povu likitokea, pini ya ndani inavuja na inahitaji kukazwa au kubadilishwa. Kisha rudisha kizibo, ambacho kazi yake ni kuzuia vumbi na maji yasiingie kwenye pini hiyo. Kuhusu geji, nunua ya kwako. Geji za vituoni huangushwa sakafuni mara nyingi kwa siku na hakuna anayezilinganisha na nyingine, hivyo huweza kupishana kwa psi kadhaa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Geji yako, hata kama si kamilifu, hukosea kwa kiasi kilekile kila mara, na mabadiliko utayaona.

Mzigo

Stika nyingi za SUV zina safu mbili, moja ya abiria wachache na nyingine ya gari lililojaa, na ya pili hudai nyongeza zaidi upande wa nyuma. Safu hii ya pili husahauliwa wakati hasa inapohitajika. Fikiria familia ya watu saba inayorudi Kampala kutoka Bushenyi baada ya Krismasi, mikungu minne ya matoke nyuma ya kiti cha mwisho, gunia la viazi juu ya paa, na pengine mbuzi mmoja ambaye hakuwa kwenye mpango wa safari. Gari hilo limekaa chini nyuma, taa zake zinamulika miti, na matairi ya nyuma yana kipimo kilekile cha kwenda kazini. Ongeza upepo asubuhi kabla ya kupakia, kwa kufuata safu ya mzigo, na usipunguze hadi mzigo ushuke. Kama stika yako ina safu moja tu, kitabu cha gari huweza kuwa na jedwali kamili. Ukikosa vyote viwili, psi 3 hadi 5 za ziada kwa nyuma ni makisio ya kiasi, mradi hujavuka namba ya kikomo iliyo kwenye ukuta wa tairi. Hakuna upepo, hata hivyo, unaoweza kuhalalisha mzigo unaozidi uwezo wa gari.

Lami, moramu, mchanga na mvua

Kwa barabara ya lami sina la kuongeza: fuata stika. Ukienda kasi ya juu kwa muda mrefu, kama kwenye barabara ya Entebbe ya mwendo kasi, psi 2 juu ya stika hazidhuru, lakini psi 2 chini yake huanza kupasha tairi moto.

Mvua ndiyo inayostahili kuzungumziwa zaidi, kwa sababu wengi huamini kwamba tairi laini hushika vizuri kwenye maji. Ni kinyume chake. Watafiti wa NASA katika miaka ya 1960, wakichunguza matairi ya ndege, walionyesha kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea kipeuo cha pili cha upepo wake. Ukiitumia kanuni hiyo kama makisio, tairi lenye psi 32 huelea likikaribia kilomita 94 kwa saa, na lenye psi 22 huelea kwenye 78 hivi. Tairi lililoliwa na kubaki bila mifereji ndilo linaloelekea zaidi kufikia hali hiyo. Dereva anayeendesha kwa 85 katika mvua ya mchana ya Aprili, kwenye bonde ambalo maji yametulia barabarani, anaweza kuwa na usukani au kutokuwa nao kwa sababu ya psi kumi tu.

Moramu, yaani barabara ya changarawe, ni habari nyingine. Barabara iliyokauka na kufanya mawimbi kama bati hulitikisa gari hadi boliti zilegee, na hapo kupunguza psi 4 hadi 6 kutoka kwenye stika hulifanya tairi limeze mawimbi na kuongeza mshiko, kwa sharti kwamba gari halijajaa mzigo na mwendo unashuka pia, tuseme usizidi kilomita 60 kwa saa. Usipunguze mahali penye mawe makali, kwa kuwa tairi laini hutoa ubavu nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba; tundu la ubavuni halizibiki kwa njia ya kuaminika. Kwenye mchanga mzito, kama ule wa kitanda cha mto Kidepo uliokauka, wenye uzoefu hushuka hadi psi 18 au 20 ili tairi lirefushe nyayo yake lisichimbe, na huendesha polepole bila kukata kona kwa ghafla, maana tairi laini huweza kuchomoka kwenye rimu. Kwa udongo mweusi wa Karamoja ukilowa, nimejifunza kwamba kipimo cha upepo hakisaidii sana: tope hujaza mifereji ya tairi na yote manne yanageuka mipira ya udongo. Subiri jua.

Sharti la yote haya ni kuwa na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari. Asiye na njia ya kurudisha upepo kabla ya kufika kwenye lami asiutoe.

Baridi ya Kabale, joto la Pakwach

Upepo ndani ya tairi hubadilika kwa takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Kutoka alfajiri ya Kabale yenye nyuzi 12 hadi kivuli cha Pakwach chenye nyuzi 32, joto la hewa peke yake huongeza psi 3 au zaidi kidogo, hata kama tairi limepoa kutoka safarini. Kwa anayesafiri siku mbili hili si la kumkosesha usingizi. Kwa anayehamia kikazi kutoka Kigezi hadi Nile Magharibi, au kinyume chake, apime upya baada ya usiku wa kwanza. Wengine huuliza pia kuhusu mwinuko. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje huwa nyepesi mlimani, kwa hiyo kupanda kutoka Kampala, iliyo karibu mita 1,200, hadi Kabale, iliyo karibu mita 2,000, huongeza psi moja hivi kwenye geji. Baridi ya huko huipunguza psi hiyohiyo. Mambo mawili yanafutana, nawe unaweza kuyasahau.

Naitrojeni inayouzwa katika baadhi ya maduka ya matairi haibadilishi namba yoyote kati ya hizi. Hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari, na fedha hizo ningezinunulia geji.

Ukibadilisha matairi

Stika inahusu ukubwa wa tairi ulioandikwa juu yake. Ukifunga matairi mapana zaidi, au yale magumu ya magari ya mizigo mepesi yenye herufi LT, kipimo cha stika huwa mwanzo wa hesabu tu, na kwa LT kwa kawaida utahitaji upepo zaidi ili tairi libebe uzito uleule. Angalia pia namba ya uwezo wa kubeba: tairi lililoandikwa 265/65R17 112S hubeba kilo 1,120 na limepangiwa kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa. Usinunue lenye namba ndogo kuliko la kiwandani kwa sababu ya bei.

Hapo ndipo kanuni ya psi nne, inayopendwa na madereva wa safari za porini, inapofaa. Pima tairi likiwa limepoa, endesha lami kwa saa moja kwa mwendo wa kawaida, kisha simama upime mara moja. Kipimo kikiwa kimepanda kwa psi 4 hivi, umepatia. Kikipanda kwa 7, tairi linajikunja mno na linajipasha moto, kwa hiyo asubuhi ongeza. Kikipanda kwa 1 au 2, umejaza kupita kiasi. Matairi ya LT huruhusiwa kupanda hadi psi 6. Linganisha matairi ya upande mmoja na mwenzake, maana upande unaopigwa na jua husoma juu zaidi.

Baada ya miezi michache tairi lenyewe litakupa jibu. Likiliwa mabega yote mawili na katikati ikabaki nzima, umekuwa ukiendesha na upepo mdogo. Likiliwa katikati, umezidisha. Likiliwa bega moja, usiguse upepo, peleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa mwelekeo wa magurudumu.

Pima kila wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu, kwa kuwa hata tairi zima hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi. Kama gari lako lina taa ya onyo, kumbuka kwamba kwa kanuni ya Marekani hulazimika kuwaka upepo unapokuwa umepungua kwa asilimia 25: gari la psi 32 linaweza kutembea na 25 bila taa kusema neno. Na usiliache tairi la akiba. Lile linaloning'inia chini ya gari hupigwa na matope ya mwaka mzima bila kuguswa na geji, basi lijaze psi chache juu ya kipimo kikubwa cha stika, kwa kuwa kupunguza kando ya barabara ni rahisi kuliko kuongeza. Lile jembamba la muda, linalopatikana kwenye baadhi ya SUV ndogo, huhitaji psi 60, namba ambayo imeandikwa ubavuni mwake na ambayo kijana wa upepo ataikatalia mpaka umwonyeshe kwa kidole.